Paladini wa Kale, Mla Kiapo na Mtetezi: Kumchagua Mpiganaji Mtakatifu wa Meza Yako

Katika michezo ya mezani ambayo wachezaji huigiza wahusika wa dunia ya kubuni, msimulizi mmoja akiongoza kisa na dadu zikiamua yasiyotabirika, hakuna mhusika anayezua mabishano kama mpiganaji mtakatifu. Mwizi akikosea hukamatwa, na mchawi akikosea huishiwa nguvu hadi alale. Lakini mpiganaji mtakatifu anaweza kupokonywa kila alicho nacho kwa uongo mmoja, kwa sababu nguvu zake zimefungamanishwa na mwenendo wake. Hii ndiyo sababu aina ya mpiganaji huyu inafaa kuchaguliwa mapema na kwa makini, hasa katika vikundi vya Kisumu, Nakuru na Kakamega ambavyo mara nyingi huwa na wachezaji wanne au watano wanaojuana, na ambavyo ugomvi mmoja unatosha kuvivunja.

Nitawalinganisha wapiganaji watatu. Wa kwanza ni paladini wa kale, yule wa matoleo ya mchezo wa Dungeons & Dragons kuanzia mwaka 1978 hadi kabla ya mwaka 2008. Wa pili ni paladini wa toleo la tano, lililotoka mwaka 2014 na kurekebishwa mwaka 2024, ambaye nitamwita mla kiapo. Wa tatu ni mtetezi wa mchezo wa Pathfinder, toleo la pili, lililotolewa na kampuni ya Paizo mwaka 2019. Nimeliruka toleo la nne la Dungeons & Dragons, la mwaka 2008, kwa kuwa vikundi vipya haviliulizii, ingawa ndilo lililomruhusu paladini kwanza, katika kanuni zake za msingi, kumtumikia mungu wa mwelekeo wowote wa kimaadili.

Kipimo changu kikuu hakihusu uzito wa upanga. Ninauliza masharti ya mhusika yanamfunga nani: yanamfunga yeye aliyeyakubali, au yanawafunga wenzake ambao hawakuyakubali? Mchezaji anapotangaza kwamba mhusika wake hatasema uongo kamwe, amejitwika mzigo, na kila mtu mezani anafurahia kumtazama akiubeba. Anapotangaza kwamba mhusika wake hatavumilia uongo wa yeyote, amewatwika wenzake mzigo huo bila kuwauliza.

Mtihani wa mjane na wavu

Ili tusilinganishe maneno matupu, tuwape wote watatu mtihani mmoja. Msimulizi wa Kisumu hana haja ya kuazima ngome na theluji za Ulaya. Tuchukue mji wa kubuni kando ya ziwa, wenye mwalo unaofanana na ule wa Dunga. Mtawala halali wa mji amepiga marufuku uvuvi kwa muda ili samaki wazaane, na agizo hilo lina busara ndani yake. Hata hivyo, askari wake wamegeuza agizo kuwa mradi: wanawanyang'anya wanyonge nyavu zao, wanawapiga, kisha wanaziuza nyavu hizo kwa tajiri wa mji jirani. Mjane mmoja amejificha katika ghala la omena akiwa na wavu wake, na kiongozi wa askari anamwuliza mhusika wako kama amemwona. Katika kundi lako yumo pia mwizi, ambaye tayari ameuiba ufunguo wa ghala hilo.

Nimechagua kisa hiki kwa makusudi. Mtawala angekuwa jitu lenye pembe, jibu lingekuwa rahisi na hatungejifunza chochote. Mchezaji aliyekulia Nakuru au Kisumu hahitaji kufundishwa kwamba amri inaweza kuwa halali na utekelezaji wake ukawa dhuluma. Ndipo hapo hasa mwelekeo wa kimaadili wa mhusika hujaribiwa.

Mwelekeo wenyewe una historia fupi. Dungeons & Dragons, iliyotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ilipotoka mwaka 1974, wahusika waligawanywa katika pande tatu tu: Sheria, Kati na Vurugu. Paladini aliingia mwaka 1975 katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk, akiwa mpiganaji wa upande wa Sheria. Kufikia mwaka 1978 mihimili ilikuwa miwili, mmoja wa sheria na vurugu, mwingine wa wema na uovu, na kukatana kwake kukazaa vyumba tisa. Paladini alipangiwa chumba kimoja peke yake, kile cha mwema mshika sheria. Vyumba hivi humsaidia mchezaji mgeni kumwelewa mhusika wake kwa haraka, na sioni sababu ya kuvidharau. Tatizo ni kwamba chumba cha paladini kina ahadi mbili ndani yake, ya wema na ya sheria, na hakisemi ipi itangulie siku zitakapopingana. Mjane yuko ghalani, na ahadi hizo mbili zimekwisha kupingana.

Paladini wa kale

Mhusika huyu alikuwa adimu kwa makusudi. Kanuni za mwaka 1978 zilimtaka awe binadamu na awe na alama za mvuto 17 au zaidi, na anayerusha dadu tatu za pande sita hupata 17 au 18 mara moja tu katika kila mara 54 kwa wastani. Matoleo ya baadaye yalilegeza hayo. Toleo la tatu, la mwaka 2000, liliwaruhusu watu wa jamii zote za kubuni kuwa paladini, lakini chumba cha maadili kikabaki kilekile.

Masharti yake ya zamani yananivutia sana, na ningependa yasisahauliwe. Hakuruhusiwa kumiliki zaidi ya vifaa kumi vya kimuujiza. Hakuruhusiwa kujilimbikizia mali. Alibaki na kinachomtosha kuishi kwa kiasi na kuwalipa watumishi wake, na kinachozidi akakitoa. Kabla ya yote alitoa fungu la kumi la mapato yake yote, jambo ambalo mchezaji aliyelelewa kanisani huku Magharibi mwa Kenya haelezwi mara mbili. Masharti haya yote yanamfunga yeye mwenyewe. Wenzake wanapogawana dhahabu ya joka, yeye anahesabu ya kugawa, na hakuna anayeweza kusema ameonewa.

Adhabu zake zilikuwa kali. Paladini wa mwaka 1978 aliyetenda tendo la vurugu alipaswa kumtafuta kasisi mwema mshika sheria wa ngazi (yaani kiwango cha uzoefu) ya saba au zaidi, aungame na kufanya kitubio. Aliyetenda uovu kwa kujua alipoteza hadhi yake papo hapo, na haikurudi tena. Toleo la tatu lilimwachia mlango wa upatanisho.

Katika mtihani wetu, paladini wa toleo la tatu ana amri nne mbele yake: aheshimu mamlaka halali, atende kwa heshima bila uongo wala hila, awasaidie wahitaji, na awaadhibu wanaowadhuru wasio na hatia. Amri zote nne zinahusu ghala lile, na kanuni hazikuzipanga kwa uzito. Akisema uongo amevunja moja, akisema kweli amevunja nyingine. Njia njema iliyobaki ni ya tatu: akiri kwamba anajua, akatae kusema, asimame mlangoni na akubali kukamatwa. Ni tukio zito mno mchezaji hodari akiliigiza, na kwa ajili ya tukio kama hilo wapo wanaompenda paladini wa kale kuliko wote. Lakini kila kitu kinategemea msimulizi. Yupo msimulizi atakayeona kwamba kumkatalia askari wa mtawala halali ni kuvunja kanuni, na hapo mchezaji ataanguka kwa kutenda alichoamini kuwa chema.

Udhaifu wake mkubwa zaidi unamhusu mwizi. Kanuni za toleo la tatu zinasema kwamba paladini hatashirikiana na mwovu kwa kujua, wala hataendelea kuwa na mtu anayezidi kuikera kanuni yake ya maadili. Hapo sharti limetoka kwa aliyelikubali na kumwangukia jirani. Mchezaji wa mwizi, ambaye alikuja Jumamosi kucheza mwizi, sasa anaambiwa afiche ufunguo, aache kazi yake, au kundi livunjike. Uwezo wa kutambua uovu unaongeza moto: katika toleo la tatu paladini anaweza kuutumia wakati wowote, na wachezaji wengi huugeuza kuwa hukumu, kana kwamba mtu akionekana ana uovu hakuna haja tena ya ushahidi.

Mla kiapo

Toleo la tano lilimwondoa paladini katika chumba kimoja. Anaweza kuwa wa mwelekeo wowote kati ya tisa, na badala yake anakula kiapo afikapo ngazi ya tatu. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 kilikuwa na viapo vitatu: cha Ibada, cha Wahenga na cha Kisasi. Toleo la 2024 liliongeza kile cha Utukufu katika kitabu hichohicho; kilikuwa kimetoka mwaka 2020 katika kitabu cha nyongeza.

Mtihani wetu unavitenganisha viapo hivi vizuri. Aliyekula kiapo cha Ibada hasemi uongo, kwa hiyo anakaribiana na paladini wa kale. Lakini wajibu wake wa utii ni kwa wenye mamlaka ya haki juu yake, na hilo neno dogo la haki linampa nafasi ya kumwambia askari mwizi kwamba hana mamlaka hayo. Wa kiapo cha Wahenga hana sharti la kutosema uongo. Anapaswa kuwasha mwanga wa matumaini na kuulinda mahali ulipo, na sioni ni nini kingemzuia asiwapoteze askari njia kisha akamvusha mjane ziwa usiku. Wa kiapo cha Kisasi anafuata uovu mkubwa kabla ya mdogo, na kwa hiyo macho yake yanamtafuta tajiri anayenunua nyavu. Hiki ndicho kiapo kinachochaguliwa kwa pupa. Wengi hushika maneno ya kutowahurumia waovu na ya kutumia njia yoyote ipasayo, wakaliacha sharti la nne, la kuwafidia walioumizwa. Anayekicheza kikamilifu hamalizi kazi tajiri anapoanguka. Anarudi na nyavu na kuzikabidhi kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba.

Kuhusu mwizi, mla kiapo ni mwenza mwepesi. Kiapo kinataja atakachofanya yeye, na hakuna kinachomlazimu kuwapekua wenzake mifuko. Uwezo wake wa kuhisi, katika kanuni za mwaka 2014, hutambua viumbe wa mbinguni, mashetani na wafu wanaotembea walio ndani ya futi 60. Hauoni ubaya wa moyo wa binadamu. Msimulizi anapata nafasi ya kuweka mtu mnafiki katika kisa bila kufichuliwa katika dakika ya kwanza, na mchezaji analazimika kuuliza, kusikiliza na kupima ushahidi.

Nguvu zake ni nyingi pia. Paladini wa mwaka 1978 aliyefika ngazi ya tano aliweza kumwekea mtu mikono mara moja kwa siku na kumrudishia pointi 10 za uhai; wa mwaka 2014 wa ngazi hiyo ana akiba ya pointi 25, na anaweza kuzigawa atakavyo. Pigo lake takatifu linaweza kuongeza madhara ya dadu mbili hadi tano za pande nane, na moja zaidi dhidi ya mashetani na wafu. Marekebisho ya 2024 yamelipunguza kasi, kwani sasa ni mara moja tu kwa zamu.

Nguvu hizi zinaelekeza kwenye kasoro yake. Akivunja kiapo, kanuni za mwaka 2014 zinazungumzia kukesha kwa sala, kufunga, na kutafuta ondoleo kwa kasisi wa imani yake au kwa paladini mwenzake. Asiyetubu kabisa anaweza kulazimika kuacha njia hiyo, au akawa mvunja kiapo, aina iliyowekwa katika kitabu cha msimulizi kwa ajili ya wahusika waovu. Yote yameachwa mikononi mwa meza. Mezani pasipo na anayejali, kiapo hugeuka mapambo, na mtu akamchagua paladini kwa sababu ya dadu zake tano tu. Naliona hili kuwa hasara halisi, kwa kuwa mpiganaji mtakatifu asiye na la kumzuia ni mpiganaji wa kawaida mwenye mavazi yanayong'aa.

Mtetezi

Waandishi wa Pathfinder walianza na paladini wa kale, kwani toleo lao la kwanza, la mwaka 2009, lilimbakiza katika chumba cha mwema mshika sheria. Miaka kumi baadaye walimpanua akawa mtetezi mwenye njia tatu za wema: paladini mshika sheria, mkombozi aliye katikati ya sheria na vurugu, na mweka huru aliye upande wa vurugu, ambao kwake ni uhuru. Njia za uovu zilifuata mwaka 2020.

Sifa yake kubwa, na kwa maoni yangu ndilo jambo bora lililowahi kuandikwa kuhusu mpiganaji mtakatifu, ni kwamba katika kanuni za mwaka 2019 masharti yake yamepangwa kwa uzito. La juu ni kutotenda uovu wala jambo ambalo mungu wake amelikataza. La pili ni kutomdhuru asiye na hatia kwa kujua, wala kumwacha adhurike ikiwa angeweza kumwokoa. Heshima, ukweli na utii wa sheria huja chini ya hayo. Masharti yakipingana, la juu linatangulia. Kanuni zenyewe zinatoa mfano wa mfalme mwovu anayeuliza kama umewaficha wakimbizi ili awaue, na zinasema wazi kwamba paladini anaweza kumdanganya. Mjane wetu hatishiwi kifo, lakini askari wale wanapiga watu, na mpangilio huo unatosha kumaliza ubishi kabla haujaanza. Ziliziba pia mwanya wa werevu: anayetengeneza kwa makusudi hali ya kugonganisha masharti yake amekwisha kuyavunja.

Njia mbili nyingine zinatoa majibu tofauti. Mkombozi lazima kwanza ajaribu kumrekebisha mkosaji, kwa hiyo ataanza na kiongozi wa askari, azungumze naye kama mtu anayeweza kubadilika, na silaha zije baadaye ikiwa atashikilia uovu wake. Mweka huru hawezi kumlazimisha mtu kutenda jambo wala kumtisha asipolitenda, sharti linalomnyima hata vitisho ambavyo wengine wangevitumia kwa askari. Sharti hilohilo linamkataza kumshurutisha mwizi arudishe ufunguo. Kwa kipimo nilichoanza nacho, huyu ndiye anayefaulu kuliko wote: amejifunga mwenyewe, na kanuni imemkataza kuwafunga wenzake.

Hata vitani maadili yake yanaonekana. Adui anapomjeruhi mwenzake aliye ndani ya futi 15, mtetezi anaitikia papo hapo na kupunguza madhara: paladini humrudishia adui pigo, mkombozi humpa adui hiari ya kuacha kudhuru au kudhoofika, na mweka huru humsaidia mwenzake kujinasua. Jukumu la ulinzi limo katika kila zamu, si katika hotuba tu.

Marekebisho yaliyoanza mwaka 2023 yaliondoa vyumba tisa kabisa. Mtetezi alifuata mwaka 2024 akiwa na njia saba. Kilichobaki ni maagizo na miiko ya kila mungu, na mhusika anaweza kutengwa kwa ajili ya utakatifu au kinyume chake. Nimeona mabadiliko haya yana faida, kwa kuwa miiko ni kitu ambacho wachezaji wetu wanakielewa kutoka nyumbani: hakielezi wewe ni mtu wa aina gani, kinaeleza usilolifanya.

Suala la imani, na gharama

Familia nyingi huku zinauliza, na zina haki ya kuuliza, kama mchezo huu unamtaka kijana amwabudu mungu wa kubuni. Kwa anayesumbuliwa na jambo hilo, mla kiapo ni chaguo jepesi, kwa sababu kanuni za mwaka 2014 zinasema nguvu zake zinatokana na kujitoa kwa haki yenyewe sawa na zinavyotokana na mungu. Paladini wa toleo la tatu pia halazimiki kujiweka chini ya mungu mmoja. Mtetezi wa Pathfinder lazima awe na mungu wake kutoka dunia ya mchezo. Kasisi, ambaye wengi humpendekeza badala ya mpiganaji, yumo karibu na hali hiyohiyo, na simpendekezi kwa anayetafuta kuikwepa.

Kwa upande wa fedha, hakuna anayelazimika kuagiza kitabu kutoka Marekani. Kanuni za msingi za toleo la tano ziliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons mwezi Januari 2023, na kurasa chache za paladini zinaweza kuchapishwa saiba. Zingatia tu kwamba humo kiapo ni kimoja, cha Ibada. Kanuni za Pathfinder zinapatikana bure mtandaoni kwenye tovuti ya Archives of Nethys, zikiwa na njia zote za mtetezi, ingawa ni nyingi zaidi na zinamtaka mchezaji apange vitendo vitatu katika kila zamu. Dadu za pande ishirini zisipopatikana, programu ya simu inatosha.

Meza ipi, mpiganaji yupi

Kwa kikundi kipya ambacho hakuna aliyewahi kucheza, ningechukua mla kiapo wa Ibada, kwa kuwa masharti yake ni machache na kiapo kinaanza ngazi ya tatu, wakati mchezaji amekwisha kumzoea mhusika. Kwa kikundi chenye mwizi, mchawi wa siri na wahusika wengine wasiotabirika, ningemchukua mtetezi mweka huru au mkombozi bila kusita, na kuvumilia wingi wa kanuni. Paladini wa kale ningemwacha kwa kikundi kidogo ambacho wote wamekubali kucheza kisa cha watu wema, na ambacho msimulizi wake anaaminiwa. Hata hapo ningelifuta sharti la kutoshirikiana na wenye maadili tofauti, na kuliacha lile la fungu la kumi.

Yeyote utakayemchagua, patana na msimulizi kuhusu jambo moja kabla ya kuandika jina la mhusika: anapoona kwamba tendo unalolitaja litavunja kiapo, akuambie kabla dadu haijarushwa, kwa sababu mhusika wako ameishi na kiapo hicho miaka mingi na angejua. Ukiendelea baada ya kuonywa, basi umechagua, na kisa cha kuanguka kwako kitakuwa chako mwenyewe.